Kukoga Mwaka kwa Haiku

Sipendi mwaka mpya wa Januari. Kwanza ni baridi, na baridi ya Maryland haina adabu, inakuingia mpaka kwenye nyonga. Pili, siku hiyo kila mtu anakutakia heri, hata yule jirani wa ghorofa yangu hapa Silver Spring ambaye mwaka mzima hubonyeza lifti ifunge akiniona naja na mifuko mikono miwili. Tarehe moja Januari ananikenulia: "Happy New Year!" Heri ya nini, na juzi tu umenifungia lifti? Mimi huwa simjibu. Namtazama tu mpaka anashuka.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Kwetu mwaka unaingia Julai, na hatuupokei kwa kutakiana heri. Tunapigana. Wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini hukutana uwanjani na magomba ya migomba mikononi, wakachapana mpaka basi, na sisi wanawake, tumevaa nguo zetu nzuri, tunazunguka tukiimba na kurushiana maneno. Ulichomkasirikia mtu mwaka mzima unakitoa siku ile, mbele yake mwenyewe, mbele za watu. Kisha mnakula. Tunaita kukoga mwaka. Na siku ile kila nyumba lazima iwe na mgeni, maana nyumba isiyo na mgeni ina nuksi.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba Januari ile nilipokwenda Gaithersburg, kwa mwanangu, nilikwenda kupigana, na wala sikuona vibaya.

Ugomvi ulikuwa juu ya chumba. Mwanangu ni mmoja tu, binti, na alikuwa na mimba yake ya kwanza, ajifungue mwisho wa Januari. Kwetu mzazi wa kwanza hauguzwi na mtu mwingine ila mama yake. Mimi ndiye wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumfunga tumbo kwa kanga, wa kumpikia uji wa pilipili manga na kuhakikisha kwa siku arubaini hagusi maji baridi wala hainui hata ndoo. Likizo kazini nilishaomba tangu Oktoba. Kanga nilishafua. Nyumba yao ina chumba kimoja chini, karibu na choo, na chumba hicho, kichwani mwangu, kilikuwa changu tangu siku waliponunua nyumba.

Mwezi wa Septemba akaja bibi wa Kijapani. Ni mama wa mume wa mwanangu, mjane, ametoka kwao Japani na kimkoba kidogo cha kuvuta, kuja kumsalimia mwanawe kwa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha. Oktoba ikaisha. Novemba nikaambiwa wamemnunulia kabati la nguo, la milango mitatu, wameliweka katika chumba cha chini. Nikauliza kwenye simu, na mimi nitalala wapi? Mwanangu akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa, kwamba huyu bibi yupo tayari, nisijisumbue, nitakuja kumwona mtoto wikendi.

Wikendi! Nilikata simu. Nikakaa jikoni na hasira zangu mpaka chai ikapoa, nikaimwaga, nikapika nyingine, ikapoa na hiyo.

Nitasema waziwazi nilichokuwa nakitaka, maana si kitu cha kuficha. Nilitaka siku mwanangu atakapoumwa uchungu, mkono atakaoushika uwe wangu. Basi. Nimemlea peke yangu katika nchi ya watu. Alipoanza skuli hapa Silver Spring alirudi siku moja akatangaza kwamba Kiswahili hakitaki tena, na tangu siku hiyo namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Tumeishi hivyo, mimi huku na yeye kule, na sikumlazimisha. Lakini uzazi? Uzazi ulikuwa wangu.

Kuna jambo jingine la kueleza kabla sijafika mezani. Msimu wa baridi uliotangulia niliteleza kwenye barafu kituoni, nikaanguka kifudifudi, na meno manne ya mbele yakabaki hapo. Yaliyomo sasa kinywani ni ya kuvaa na kuvua. Mwanangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari, na nilimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata mumewe. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Wheaton. Kila siku navua meno ya watu, nayasugua, nayatia kwenye bilauri, na wazee wenyewe hawana habari. Lakini hayo ni meno ya watu. Yangu mimi navua nimefunga mlango kwa ufunguo, na naishi peke yangu.

Basi tarehe moja Januari nikapakata sufuria ya pilau kwenye treni ya laini nyekundu kutoka Silver Spring mpaka mwisho wa njia. Pilau ilikuwa nzito na ya moto, na kijana mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa akinusa bila aibu. Nikamtolea macho. Mkwe wangu alikuja kunipokea kituoni na gari. Ni kijana mstaarabu, anafanya kazi za kompyuta, na amejifunza kuniamkia: "Shikamoo, Mama," huku ameinama mpaka namwona kisogo. Sina ugomvi naye, ila na mama yake.

Na mlangoni ni nani aliyetupokea? Yeye. Bibi mfupi, mwembamba, mweupe wa nywele, katika mlango wa nyumba ya mwanangu, ananikaribisha mimi. Akanipa ndara za kuvaa ndani, akanipa kwa mikono miwili. Yule bibi hutoa kila kitu kwa mikono miwili, hata kijiko, hata karatasi ya kufutia mikono. Kiingereza chake ni maneno mawili, "thank you" na "sorry," na huyatumia yote mawili kwa kila jambo. Nikavaa ndara. Zilikuwa ndogo.

"Mama, you look nice," mwanangu akasema. Tumbo lilikuwa limemtangulia, miguu imevimba. Mtu wa miguu ile kwetu angekuwa amekalishwa, ameinuliwa miguu. Yeye alikuwa anapanga sahani.

"Kaa chini," nikamwambia.

"I'm fine."

"Miguu hiyo ndiyo fine?"

"Mama, don't start. Please. Just today."

Tukakaa mezani. Chakula cha bibi kilikuwa maharage meusi ya sukari, samaki wa vipande vidogo, na supu iliyotiwa kitu kinaitwa mochi. Mochi ni wali uliotwangwa mpaka ukawa kama mpira. Ukiuma unavutika, ukivuta unarefuka, na kwa mtu mwenye meno ya kuvaa ni mtego. Ningeweza kukataa. Lakini yule bibi alikuwa ananitazama, na mimi sikataliwi wala sikatai mbele ya adui. Nikatia kipande mdomoni, nikakisukuma kwenye magego ya upande wa kushoto, nikawa natafuna polepole nimefunga midomo. Yeye akala pilau yangu sahani mbili. Hilo nalo lilinikera, maana nilitaka ile pilau imshinde.

Baada ya kula mkwe wangu akaleta vipande vya karatasi ndefu nyembamba na kalamu za wino. Akaeleza. Kwao, katika nyumba aliyokulia, mwaka unapoingia kila mtu huandika haiku ya kuchekesha na kuisoma mezani, ili jambo la kwanza la mwaka liwe kicheko. Haiku ni shairi fupi la mistari mitatu. Mstari wa kwanza mizani tano, wa pili saba, wa tatu tano, na hakuna zaidi. Zile za kuchekesha zina jina lao jingine, ambalo nimelisahau kwa makusudi.

Mimi si mshairi, lakini hakuna mtu wa kwetu asiyejua kuhesabu mizani. Nikamwuliza swali moja tu. Je, inaruhusiwa kumsema mtu?

Akafikiri, akatabasamu. Akasema nzuri kabisa ni zile zinazowasema watu wa nyumbani humohumo.

Hapo nikaelewa. Nikajiambia, kumbe na wao wanakoga mwaka! Sisi kwa magomba, wao kwa karatasi. Na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nikawaona Wajapani ni watu wenye akili zao.

Mkwe wangu akaanza yeye. Haiku yake ilisema aliapa kufanya mazoezi, na viatu vya kukimbilia bado vimo kwenye boksi, navyo vimenenepa. Tukacheka. Ilikuwa nzuri, sikatai, na alijisema mwenyewe kama kijana mwenye adabu anavyopaswa.

Akafuata mama yake. Akaandika haraka, akasoma kwa Kijapani kwa sauti nyembamba, na mwanawe akacheka kabla hata ya kutafsiri. Kisha akasema kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza nakisikia vizuri: bibi kizee anavuta mochi ya mwaka mpya, anavuta, anavuta, meno ndiyo yanayokuja.

Kile kipande cha mochi kilikuwa bado kiko shavuni mwangu.

Wakacheka wote. Yule bibi alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yamebaki juu ya kiganja, yananitazama mimi. Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama sahani. Damu ikanipanda. Amemwambia! Mtoto niliyemwapisha, amekaa na huyu mwanamke jikoni, wameyaongea meno yangu, wameyacheka, na sasa nimetungiwa shairi mbele ya pilau yangu mwenyewe. Nikameza ile mochi nzima. Ilishuka kama jiwe.

"Nipe kalamu," nikasema.

Nikaandika kwa Kiswahili. Sikuhitaji kufikiri, ilikuwa imeiva tangu Novemba. Nikasimama, maana kwetu maneno ya namna hiyo hayasemwi umekaa, nikamgeukia yule bibi na kumsomea usoni:

Huyo mgeni
kaja na kimkoba;
leo kabati.

Nikakaa. Nikakunja mikono. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miezi, na nikangoja limfike.

Mkwe wangu akamwangalia mkewe, kwa kuwa Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Mwanangu akaitazama karatasi mkononi mwangu. Kisha akamwambia mumewe kwa Kiingereza, kwa sauti laini, kwamba Mama anasema alikuja mgeni na mkoba mdogo, na sasa anahitaji kabati zima kwa ajili ya mapenzi aliyopewa katika nyumba hii.

Mapenzi! Nilisikia kwa masikio yangu. Mume akayageuza kwa Kijapani, na yule bibi akaweka mikono juu ya meza, akainamisha kichwa mpaka paji likakaribia sahani. "Thank you," akasema. "Thank you, thank you." Macho yamemlowa. Nimemrushia gogo la mgomba, amelipokea kwa mikono miwili akaliweka kwapani.

Halafu hapohapo akachukua karatasi nyingine, akahesabu kwa vidole vyake vyembamba, akaandika, akasoma. Mwanawe akatafsiri: nusu ya kabati ni tupu, nondo wanauliza, bibi wa pili yuko wapi?

Nikaona ananitambia. Yaani hata wadudu wameona sipo! Nikaipiga meza kofi.

"Mwambie nilichosema," nikamwambia mwanangu. "Si ulichopika wewe. Nilichosema."

"Mama."

"Nimesema kaja na kimkoba na sasa ana kabati. Nimesema chumba changu amekikalia. Yeye amenisema meno mbele za watu, na mimi nina haki ya kujibu. Tafsiri!"

"Nobody said anything about your teeth!"

"Meno ya nani basi? Ya nondo?"

Mkwe wangu alikuwa anatutazama kwa zamu, mama yake anamvuta shati, anataka kujua. Mwanangu akafumba macho. Nilifikiri atalia, na nilikuwa tayari, maana akilia mimi husimama palepale sirudi nyuma. Hakulia. Akavuta karatasi kwake, akachukua kalamu, akawa anaandika juu ya lile tumbo kama juu ya meza. Mara moja akaacha kuandika, akahesabu kwa vidole, akafuta neno. Kisha akasoma:

Mama wawili
wanagombea chumba.
Mimi garini.

Akasoma kwa Kiswahili.

Sijui nieleze vipi. Sauti ilikuwa ya mtu mzima lakini matamshi yalikuwa yaleyale ya mtoto wa kabla ya skuli, "wanagombea" yenye "go" nzito ya Kimakunduchi, ya mama yangu mimi. Miaka yote nilidhani ameyatupa. Nikahesabu bila kutaka. Tano. Saba. Tano. Mizani haikuzidi wala haikupungua, na shairi lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa na hasira bado.

"Now tell her," mwanangu akamwambia mumewe. "Yote. Yangu na ya Mama. What she really said."

Kijana wa watu akawa mwekundu mpaka masikio. Akatafsiri akiangalia sahani. Nilimwona yule bibi anasikiliza, uso hauna kitu. Kwanza la kabati, la kweli safari hii. Nikainua kidevu. Kisha la garini. Halafu akaanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yanatikisika, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, akanyoosha mikono yake miwili kuomba karatasi yangu. Nikampa. Ningefanya nini? Hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya mtu unapomchapa akaomba gomba lako alitazame.

Mwanangu hakucheka. Alituambia, kwanza kwa Kiingereza kisha akarudia kwa Kiswahili chake kilichokaa muda mrefu bila kutumika, kwamba ndani ya chumba kile vitaingia vitanda viwili. "Ni nyinyi wote, au ni hakuna mtu. Nitatafuta nesi wa kulipa. Na siku yenyewe nitaingia peke yangu."

"Wote wawili chumba kimoja?" nikauliza.

"Wote."

"Na kabati?"

"Na kabati, Mama."

Mkwe wangu akanirudisha na gari. Alipofika kituoni akanifungulia mlango, akainama, akasema "Shikamoo" badala ya kwaheri. Nikamwitikia kwa kuwa hana kosa.

Nilihamia katikati ya Januari. Nilitamani kwenda na masanduku, nijaze kile chumba mpaka darini, lakini gari la mkwe wangu lilikuwa limejaa kiti cha mtoto na mabeseni yangu ya kukandia, kwa hiyo nguo zangu zikaingia katika kimkoba kimoja cha kuvuta. Nililiona hilo mlangoni, nikiwa nimekishika, na yule bibi amesimama mbele yangu na zile ndara. Na yeye aliliona. Akaangalia kimkoba, akaangalia uso wangu, akauma midomo asicheke. Nikapita.

Chumbani nilikuta kwamba karatasi yangu imebandikwa kwenye mlango wa kabati, kwa juu, pazuri, kama cheti. Silaha yangu imekuwa pambo. Nikafungua lile kabati kwa kishindo. Nusu ilikuwa tupu kweli, imefutwa, vining'inizio vimepangwa vyote vinaangalia upande mmoja. Mkwe wangu akaniambia kwamba mama yake aliitoa nafasi ile mwisho wa Disemba, wakati wa kusafisha nyumba, kwao hawauingizi mwaka na vumbi la jana. Kabla ya mochi, kabla ya mashairi. Nilimsikia. Nilining'iniza nguo zangu, na sikusema asante, kwa sababu nusu ya kabati katika chumba chako mwenyewe si zawadi.

Tukaishi. Siwezi kusema tulielewana. Alikuwa anaamka mapema kuliko mimi na kukunja blanketi langu kabla sijaamua kama nimeamka. Nilitia iliki kwenye chai yake bila kumwuliza. Yeye aliniwekea ndara zangu mlangoni, pua zimeelekezwa nje, kila nilipoziacha ovyo, na mimi nikawa naziacha ovyo zaidi. Usiku nilikuwa nalala na meno yangu mdomoni, nimeuelekea ukuta, na asubuhi fizi zinaniuma. Yeye sikuwahi kumwona akilala. Taa ilikuwa inazimwa kwanza, halafu nasikia maji kidogo, halafu kimya. Sikujali maji hayo ni ya nini.

Halafu ikafika siku moja baada ya chakula cha mchana. Nje theluji imetanda, mwanangu amepanda juu kujinyoosha, mkwe wangu yuko juu na kompyuta yake. Sisi wawili tukaingia chumbani kupumzika. Nikakaa kitandani. Yule bibi akakaa kwake, akanigeukia, si ukuta, mimi, akatia vidole mdomoni na kuvua meno. Ya juu yote. Ya chini yote. Akayatia kwenye bilauri iliyokuwa kwenye kistuli baina yetu, na mashavu yakamwingia ndani, akawa kama kila mzee ninayemlaza Wheaton. Akavuta hewa kwa vidole mbele ya mdomo wake, kama mtu anayevuta mochi, akanionyesha bilauri.

Ndiyo kusema bibi kizee wa shairi alikuwa yeye. Nilikaa nalitazama jambo hilo na halikunifurahisha hata kidogo. Nilikuwa nimesimama mezani, nimepiga meza kofi, kwa meno ya mtu mwingine.

Kisha nikaona kwamba kwenye kistuli kulikuwa na bilauri ya pili. Imejazwa maji. Iko upande wangu.

Alijua! Kama aliambiwa au aliona mwenyewe nikihangaika na ile mochi, sijui mpaka leo, na mwanangu anaapa kwamba hakusema. Hasira zikanirudia zote, na nilikuwa na fizi zinazowaka, na mtu aliyekuwa ananitazama hakuwa na jino hata moja. Nikavua. Mbele yake, mchana kweupe. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniona hivyo, aliniacha nikiwa na meno yote. Nikayatia majini, nikaisogeza bilauri yangu mbali na yake, nikalala nimempa mgongo.

Sijui nilisinzia kiasi gani.

"Mama!"

Ilitoka juu. Yule bibi yeye huitwa kwa neno la kwao, kwa hiyo hakukuwa na la kugombania.

"Mama, njoo! Maji yanatoka!"

Nilipanda zile ngazi, mtu wa umri wangu, miguu mitupu. Alikuwa ameshika ukingo wa ngazi kwa mikono yote miwili, amelowa, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto wa zamani. Akaniona, akaachia ukingo, akanishika mimi. Mkwe wangu alikuwa anatafuta funguo alizokuwa nazo mkononi. Nikampigia kelele kwa Kiswahili na akanielewa. Tukashuka, tukatoka, tukaingia kiti cha nyuma, mimi na mwanangu, na uchungu ukambana palepale mlango haujafungwa. Akanikamata mkono wa kushoto akaubana mpaka mifupa ikasagana. Sikulalamika. Nilikuwa nimeungoja.

"Garini," akasema alipopata pumzi. Alikuwa anacheka na kulia.

"Nyamaza, vuta pumzi," nikamwambia, na nilivyolisema ndipo nikagundua kwamba mdomo wangu uko wazi na hauna meno, na mkwe wangu ananiangalia kwenye kioo.

Dirisha likagongwa. Yule bibi alikuwa amesimama kwenye theluji na ndara za ndani, hana koti, naye mashavu yamemwingia hivyohivyo, ya kwake hakuyakumbuka. Nikafungua mlango. Akainama, akanyoosha bilauri yangu, meno yakiogelea ndani, ameishika kwa mikono miwili.

Nikaipokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshikwa na mwanangu. Asante sikusema. Nilisogea, akaingia.